Shamba Lichunguzwe Kabla ya Kukatwa Ploti

Anayenunua ploti Nyeri, Othaya, Karatina au Murang'a siku hizi amekwisha kujifunza kujihadhari na matapeli. Huenda ofisi ya ardhi kutafuta cheti cha upekuzi, huhakikisha jina la muuzaji ndilo lililo kwenye hati miliki, humwita mpimaji aonyeshe bikoni, na husubiri idhini ya bodi ya ardhi kabla ya kumaliza malipo. Ni tahadhari njema na zimewaokoa wengi. Lakini zote zinahusu karatasi. Swali la ardhi yenyewe, kama udongo wake umetulia, kama mwamba uko karibu au mbali, kama kuna maji yanayopita chini ya nyasi, huachwa hadi siku ramani ya nyumba inapopelekwa kaunti, na mara nyingi hata siku hiyo haliulizwi. Ninachotaka kuonyesha katika makala haya ni kwamba swali hilo linapaswa kuulizwa mapema zaidi, kabla shamba halijakatwa vipande, na aulizwe yule anayekata, si yule anayekuja mwisho na akiba yake ya miaka mingi. Kaunti za Mlima Kenya zina uwezo wa kisheria wa kulidai jambo hili sasa hivi, bila kungoja Bunge la Nairobi. Mnunuzi naye anaweza kulidai hata kabla kaunti hazijaamka.

Tuanze na udongo. Mlima Kenya, wenye urefu wa mita 5,199, ni volkeno iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, na safu ya Nyandarua iliyo magharibi yake nayo ni kazi ya volkeno. Kila mlipuko uliacha tabaka lake: lava ngumu hapa, jivu lililoshikana pale, juu yake mawe yaliyovurugika pamoja na majivu. R. M. Shackleton alieleza jiolojia ya eneo la Nyeri katika ripoti ya serikali ya mwaka 1945, na B. H. Baker akafanya vivyo hivyo kwa Mlima Kenya mwaka 1967, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema nchi hii haijawahi kuchunguzwa. Kwa muda mrefu mno mvua na joto vimeuozesha mwamba huo ukawa udongo mwekundu wenye kina kirefu, huu uliotulisha kwa kahawa na chai. Ukiwa mkavu husimama wima kama ukuta. Fundi huchimba ukingo mrefu, hauanguki, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha maji, mwamba mzima au jivu lililogeuka mfinyanzi, yakakwama hapo. Mvua ikiendelea siku baada ya siku, maji yaliyokwama hupanda, husukumana na punje za udongo zisishikane tena, na wakati huohuo uzito wa udongo uliolowa unaongezeka. Ndiyo sababu hatari kubwa haiji siku ya kwanza ya masika. Huja mvua ikiwa imekwisha kunyesha majuma kadhaa na mteremko umeshiba. Maporomoko ya kijiji cha Maringa huko Murang'a, kwenye miteremko ya mashariki ya Nyandarua, yalitokea Aprili 1997, na miezi michache baadaye mvua za El Niño zikaja kuongeza mengine mengi nchini.

Juu ya udongo huo tumechora mipaka kwa namna inayozidisha hatari. Wakati wa kuunganisha mashamba katika miaka ya 1950, familia nyingi za Nyeri na Murang'a zilipewa vipande virefu vyembamba vinavyoanzia barabarani, juu ya mgongo wa kilima, vikishuka hadi mtoni. Ulikuwa mpangilio wa busara kwa mkulima: nyumba juu penye upepo na njia, kahawa katikati, malisho na nduma chini karibu na maji. Lakini kipande kile kikigawiwa watoto wanne, kisha wajukuu kumi, au kikiuzwa kwa kampuni inayokikata ploti za futi hamsini kwa mia, hakuna tena nafasi ya kila mtu kujenga juu. Wa kwanza hupata sehemu ya barabarani. Anayefuata hujenga chini yake, mwingine chini zaidi, na wa mwisho, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye fedha kidogo kuliko wote, hupata ukingo wa bonde. Hatari hiyo haikuletwa na nyumba wala na fundi. Ililetwa na kalamu ya mpimaji siku ramani ya mgawanyo ilipochorwa, na tangu siku ile kila hatua iliyofuata ilikuwa ni kujaribu kuishi na kosa lililokwisha kusajiliwa.

Fikiria mambo yanayofuata pale mgawanyo ukishapita. Ploti iliyo mteremkoni haina mahali bapa, kwa hiyo mjenzi hulikata tumbo la kilima na kuutupa udongo upande wa chini ili apate uwanja. Kwa kufanya hivyo ameondoa kile kilichokuwa kinaushikilia mteremko wa jirani wa juu, na amemwekea jirani wa chini mzigo wa udongo legelege usioshindiliwa. Kisha huja paa la mabati. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 50 ikinyesha usiku mmoja, humwaga lita 5,000 za maji, na kama hakuna mifereji wala tangi, maji hayo yote huingia ardhini kwenye mstari mmoja nyuma ya nyumba, pale pale palipokatwa. Ongeza choo cha shimo au shimo la maji taka linalovujisha maji mwaka mzima, ongeza kalvati ya barabara inayomwaga maji ya kijiji kizima kwenye shamba la mtu mmoja, halafu zidisha kwa nyumba ishirini zilizo kwenye mteremko mmoja. Kila mwenye ploti anaweza kuwa amejenga vizuri kwa kadiri ya ploti yake, na bado mteremko mzima ukawa umeharibiwa. Mhandisi anayeitwa kuangalia ploti ya kumi na nne hana mamlaka juu ya zile kumi na tatu zilizo juu yake. Aliyekuwa na uwezo wa kuutazama mteremko kwa ujumla ni yule aliyekuwa na shamba zima mkononi, kabla hajaligawa.

Sheria haijanyamaza kabisa. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 45, inazitaka kamati za mazingira za mashinani zitambue vilima na milima iliyo hatarini, na mojawapo ya alama za hatari inazozitaja waziwazi ni kwamba maporomoko yamewahi kutokea mahali hapo. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka ukanda usiolimwa wala kujengwa kando ya mto, usiopungua mita 6 wala kuzidi 30 kila upande. Kanuni za zamani za kilimo, za mwaka 1965, zilikataza kulima penye mteremko unaozidi asilimia 35. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana na mabunge ya kaunti kazi ya mipango na ya upimaji ardhi, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 ikasema kwamba hakuna ujenzi bila kibali cha kaunti, anayekaidi atozwe faini isiyozidi shilingi 500,000 au afungwe kwa muda usiozidi miezi miwili. La muhimu kwa hoja yangu ni kwamba mpango wa kugawa ardhi nao hupelekwa kwa ofisi hiyohiyo ya mipango kuidhinishwa. Mlango upo. Kinachokosekana ni swali la kuuliza mlangoni. Ofisi hutazama upana wa barabara, ukubwa wa ploti na mahali pa maji taka, kisha hupiga muhuri. Tathmini ya athari za mazingira, pale inapofanywa, huuliza hasa mradi utaifanyia nini ardhi. Tunachohitaji kwenye miteremko yetu ni swali la upande wa pili, ardhi itaufanyia nini mradi na watu watakaolala ndani yake.

Je, kuuliza swali hilo kunaleta tofauti kweli, au ni karatasi nyingine tu? Ushahidi ulio wazi kuliko wote niujuao unatoka Los Angeles, mji wa Marekani uliojengwa kwenye vilima laini kama vyetu. Baada ya dhoruba za mwaka 1952 mji huo ulitunga kanuni za ukataji wa vilima, na mwaka 1963 ukazikaza ili kila eneo la kilima lichunguzwe na mwanajiolojia na mhandisi wa udongo kabla ya kugawanywa na kukatwa. Mvua kubwa za mwanzoni mwa 1969 zikawa mtihani. Katika viwanja vipatavyo 10,000 vilivyotengenezwa kabla ya kanuni za kwanza, 1,040 viliharibika. Katika vipatavyo 27,000 vya kati ya 1952 na 1962, viliharibika 350. Katika vipatavyo 11,000 vilivyotengenezwa baada ya 1963, viliharibika 17. Mvua ilikuwa ileile, vilima vilevile, na tofauti ni kwamba viwanja vya karibuni vilikuwa vimechunguzwa kabla ya tingatinga kufika. Hong Kong nayo ilijifunza kwa gharama kubwa zaidi. Tarehe 18 Juni 1972 maporomoko mawili, Sau Mau Ping na Po Shan Road, yaliua watu 138 kwa siku moja, na mwaka 1976 Sau Mau Ping ikaporomoka tena ikaua 18. Hapo Sau Mau Ping kilichoanguka ni udongo uliomwagwa na mwanadamu bila kushindiliwa vya kutosha, yaani kitu kilekile anachokifanya kila fundi wetu anayetupa udongo upande wa chini. Mwaka 1977 Hong Kong iliunda ofisi maalumu ya kusimamia miteremko, ikaorodhesha kila ukingo uliokatwa na kila tuta lililomwagwa, na vifo vikapungua sana ingawa idadi ya watu iliendelea kukua.

Na pale ambapo swali halikuulizwa, Afrika Mashariki ina majibu yake. Nametsi, wilaya ya Bududa kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, iliporomoka tarehe 1 Machi 2010 na mamia ya watu wakafa. Miteremko ya mlima huohuo iliua tena 2018 na tena Novemba 2024 huko Bulambuli. Katesh, chini ya Mlima Hanang nchini Tanzania, volkeno iliyozimika kama wetu, ilifunikwa na tope na mawe tarehe 3 Desemba 2023, wakafa zaidi ya watu 80. Hapa kwetu, Pokot Magharibi ilipoteza zaidi ya watu 50 usiku mmoja wa Novemba 2019, na Chesongoch katika Elgeyo Marakwet, ambayo iliwahi kuporomokewa kabla, iliporomokewa tena Novemba 2025. Tazama jinsi majina yanavyojirudia. Mteremko ulioporomoka jana ndio wa kwanza kushukiwa kesho, kwa sababu mwamba, mwinuko na njia ya maji havijabadilika. Hilo ni jambo la faraja kwa namna fulani, maana hatari inayojirudia mahali palepale inaweza kuchorwa kwenye ramani.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni gharama. Mwalimu aliyekopa Sako ili anunue ploti moja hawezi kuongezewa gharama ya kuchimba mashimo na kupima udongo maabara, na mimi nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana nasema uchunguzi ufanywe wakati wa kugawa. Shamba la ekari tano likichunguzwa mara moja, gharama hugawanyika kwa ploti arobaini, ikawa sehemu ndogo ya bei ya kila moja, na anayeilipa kwanza ni yule anayepata faida ya kuuza. Ukingoja hadi kila mmoja ajenge, utakuwa na ripoti arobaini ghali na dhaifu, kila moja ikitazama futi hamsini zake, au, kama ilivyo sasa, hutakuwa na hata moja. Zaidi ya hayo, si kila shamba linahitaji uchunguzi mzito. Kaunti inaweza kuchora ramani yenye ngazi tatu kwa kutumia mwinuko, aina ya mwamba, na kumbukumbu za mahali palipowahi kuporomoka. Mgongo mpana ulio bapa upite na fomu ya ukurasa mmoja. Mteremko wa kadiri uhitaji ukaguzi wa siku moja wa mtaalamu. Mteremko mkali, kingo za mito na machimbo ya mawe ya zamani yaliyofukiwa ndivyo vidaiwe uchunguzi kamili. Familia inayogawana urithi, pasipo kuuza, isaidiwe na mtaalamu wa kaunti mwenyewe, kwa kuwa hapo hakuna faida ya biashara ya kulipia.

Hoja ya pili ni ile ya wazee: babu zetu waliishi kwenye migongo hii na kilima hakikuwaangukia. Ni kweli kwa kiasi, na tuiheshimu kwa kuisikiliza vizuri. Walijenga juu ya mgongo, si tumboni mwake. Nyumba zao za miti na udongo hazikuhitaji kukata kilima, paa za nyasi hazikumwaga maji mahali pamoja, na mabonde yalikuwa na miti. Desturi yao ilikuwa tathmini kwa namna yake, iliyopimwa na vizazi. Sisi ndio tulioiacha, tukashuka mteremkoni na nyumba za mawe za orofa nne. Hatuwezi kudai usalama wao huku tukifanya kinyume cha walivyofanya.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Wananchi wanauliza: je, hii haitakuwa muhuri mwingine wa kununuliwa? Mwenye shamba atalipa, ripoti itaandikwa mjini bila mtu kukanyaga mteremko, na mnyonge ndiye atakayezungushwa. Hofu hiyo ina msingi. Jengo la orofa sita lililoanguka Huruma, Nairobi, Aprili 2016, likaua watu wapatao 50, lilikuwa kando ya mto na lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa hatari, lakini watu waliendelea kuishi ndani. Kanuni peke yake haishikilii ukuta. Hata historia yetu wenyewe inatuonya: katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanawake wa Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, na mwaka 1948 wakakataa na kuandamana. Matuta yenyewe hayakuwa wazo baya. Miongo michache baadaye, mradi wa kuhifadhi udongo ulioanza 1974 ulipokuja na maelezo na hiari badala ya kiboko, wakulima walewale walichimba matuta ya fanya juu kwenye mashamba yao kwa mikono yao. Kwa hiyo dawa ya ufisadi na ya chuki ni moja: ripoti isiwe siri. Ibandikwe kwenye ofisi ya wadi, iambatishwe na ramani ya mgawanyo, iwe haki ya kila mnunuzi na kila jirani wa chini kuisoma, na jina pamoja na namba ya usajili ya aliyeitia sahihi viwe juu yake. Ripoti inayosomwa na jirani aliyeishi pale miaka sitini ni vigumu kuidanganyia, kwa sababu yeye anajua chemchemi ilipotokea mwaka wa El Niño.

Wapo pia wanaosema wataalamu ni wachache. Kenya imekuwa na sheria ya kuwasajili wanajiolojia tangu 1993, ina bodi ya wahandisi, na vyuo vyetu vinatoa vijana wa jiolojia ambao wengi hawana kazi. Sioni hoja hapo.

Sasa, wewe unayetaka kununua mwezi ujao usingoje kaunti. Yapo mengi unayoweza kuyafanya kwa macho na kamba. Nenda kwenye ploti wakati wa mvua, si Januari muuzaji anapopenda kukupeleka. Simama upande wa pili wa bonde ulitazame shamba lote: mteremko wenye umbo la bakuli lililolala, juu ukingo mkali na chini kifusi kilichotuna, huenda ni kovu la poromoko la zamani. Tazama miti na nguzo za umeme kama zimeinama upande wa chini, au kama shina limepinda karibu na ardhi kisha likasimama. Angalia nyufa zenye umbo la mwezi juu ya mteremko, matuta ya shamba yaliyohama, sakafu na kuta za majirani zilizopasuka kwa mshazari. Magugu ya majimaji, migomba iliyostawi peke yake mahali pamoja, au tope lisilokauka katikati ya mteremko huonyesha mahali maji ya chini yanapotokea. Ukitaka kujua ukali wa mteremko, vuta kamba ya futi kumi ikae sawa kwa pimamaji, mwanzo wake ukigusa ardhi upande wa juu, kisha pima kutoka mwisho wake hadi chini. Ikizidi futi tatu na nusu, umevuka ile asilimia 35, sawa na nyuzi kama 19, na hapo usilipe hata kishika-shamba kabla mtaalamu hajafika. Kisha kaa na wazee wa pale. Waulize mto uliwahi kufika wapi, na kilima kilimeguka wapi, mwaka gani.

Ukimwita mtaalamu, mwambie unachotaka akujibu, maana ripoti nyingi mbaya huzaliwa na maswali mabaya. Usimuulize kama nyumba itasimama. Muulize mwamba uko kina gani na amejuaje; maji yako wapi wakati wa masika; mteremko wa juu yako una nini na nani anaumiliki; ukikata kilima, uishie urefu gani na pembe ipi; udongo utakaotoka upelekwe wapi; maji ya paa na choo yaelekezwe upande gani; na jambo gani usilifanye kabisa kwenye ploti hiyo. Ripoti ya kweli ina tarehe ya mtu kufika, ina michoro ya mashimo yaliyochimbwa na yalichoonyesha, na ina masharti. Ripoti inayosema ardhi ni salama bila sharti lolote haijasema kitu.

Maswali hayo hubadilika ukishuka mlima. Mwea na sehemu za nyanda za Laikipia karibu na Nanyuki hazina miteremko ya kutisha, ila zina ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ukainua msingi na kuushusha kila msimu. Pale shida ni kina cha msingi na maji kukaa kuzunguka nyumba, na kosa la kawaida ni kujenga juu ya udongo huo kwa msingi uleule wa Kerugoya. Embu, Chuka na Meru zina mito inayoteremka kwa kasi kutoka mlimani, na mabonde yake membamba hayataki nyumba chini hata siku mto ukiwa umelala. Mitetemeko nayo tusiisahau, kwani tetemeko kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa Kenya, lile la Subukia la tarehe 6 Januari 1928, lilitokea kwenye ukingo wa Laikipia, si mbali nasi.

Kwa aliyekwisha kujenga mteremkoni, kuhama huenda hakuwezekani, lakini maji yanaweza kudhibitiwa, na maji ndiyo adui mkuu. Weka mifereji kwenye paa lote na tangi, na maji yanayozidi yapelekwe kwa bomba hadi kwenye mkondo wa asili, yasimwagwe ukingoni. Ukuta wa kuzuilia udongo uwe na matundu ya kutolea maji na kokoto nyuma yake; ukuta usio na matundu hujaza maji mgongoni na kuanguka na kilima chake. Usichimbe shimo la maji taka juu ya ukingo uliokatwa. Panda miti yenye mizizi ya kina kwenye sehemu isiyojengwa, na uache ile iliyopo. Ukiona ufa mpya ardhini au maji ya matope yakitoka mahali yalikokuwa hayatoki, ondoa watu usiku huohuo, kabla ya kuondoa vyombo.

Neno langu la mwisho ni kwa wawakilishi wa wadi wa Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Tharaka Nithi, Meru na Laikipia, na kwa wananchi waliowachagua. Hamhitaji sheria mpya ya nchi. Mnahitaji sharti moja katika kanuni za mipango za kaunti: hakuna mpango wa mgawanyo utakaoidhinishwa kwenye mteremko, ukingo wa mto au chimbo la zamani bila tathmini ya hatari za ardhi iliyotiwa sahihi na mtaalamu aliyesajiliwa na kuwekwa wazi kwa umma. Mnahitaji pia bajeti ya ramani na ya wanajiolojia wawili watatu kwa kila kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mkazi haki ya kuwasilisha ombi mbele ya kaunti yake. Andikeni ombi hilo pamoja na majirani zenu wa juu na wa chini, mlipeleke kwa karani wa bunge la kaunti kabla ya masika yajayo.